RAM ya Kasi au RAM ya Pili?

Minada ya korosho ikianza Oktoba na fedha zikaingia kwa wakulima, sisi mafundi kompyuta wa Masasi hupata wateja wa aina yake: vijana wenye kompyuta za mezani zilizotumika maofisini ng'ambo, wanaotaka gemu ziende bila kukwama. Mmoja alishuka kutoka Newala na HP EliteDesk 800 G3, kaipakata mapajani ndani ya Noah njia nzima. Mfukoni alikuwa na RAM mpya ya 8GB, kasi 3200. "Fundi, shikamoo. Nitolee hii ya zamani ya 2400, uniwekee hii."

Nikafungua. Feni imevaa vumbi jekundu la Newala kama koti. Prosesa ni i5-7500, kadi ya michoro hakuna, na kati ya sloti nne za RAM iliyojaa ni moja tu. Ugonjwa wa mashine ile ulikuwa hapo, kwenye sloti zile tatu tupu.

Mchukulie prosesa kama mama anayebangua korosho. Ghala ndiyo diski, kapu lililo pembeni yake ndilo RAM, na kuna mtoto anayemletea korosho kutoka kapuni. Kasi ya RAM ni mbio za mtoto huyo. Ukiweka RAM mbili kwenye sloti zinazostahili, unakuwa na watoto wawili wanaoleta kwa pamoja. Na kama mama mwenyewe mkono wake ni mzito, hata watoto wakimbie vipi, korosho zitarundikana tu miguuni pake.

Kwa hesabu, RAM moja ya DDR4 kasi 2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Moja ya 3200 hupitisha 25.6. Mbili za 2400 zikifanya kazi pamoja hufika 38.4. Kwenye mashine isiyo na kadi ya michoro tofauti hii unaiona kwa macho, kwa sababu picha za gemu huchorwa na prosesa yenyewe kwa kuazima RAM hiyohiyo. GTA V toleo la awali, ambalo watengenezaji wake wanapendekeza 8GB, hapo huanza kupumua.

Tena Intel waliipangia i5-7500 kasi isiyozidi 2400, na mazabodi za ofisi kama hii hazikupi njia ya kuivuka. RAM ya 3200 itawaka, lakini itateremka hadi 2400. Kijana alikuwa amelipia mbio ambazo mashine yake haizijui. Sikuitoa ile ya zamani. Nilisafisha sloti, nikaziweka zote mbili za 8GB, akarudi Newala na 16GB.

Je, kasi haina faida kabisa? Inayo, kwa mwenye mashine mpya. Prosesa za Ryzen zenye michoro ya ndani hunufaika sana. Ukiwa na kadi ya michoro nzuri, utaongeza fremu chache tu, kwa sababu mara nyingi kadi ndiyo inayochelewesha. Na namba kubwa kwenye pakiti isikutie kiwewe. DDR4 ya 3200 yenye CL16 (CL ni mizunguko ya kusubiri kabla ya jibu) na DDR5 ya 6000 yenye CL30 zote huchukua nanosekunde 10 kuanza kujibu. Ya pili inachozidi ni wingi wa mzigo inaoleta kwa sekunde moja. Halafu kuna walionunua RAM ya kasi kihalali, mazabodi yao inaikubali, ila hawakuwahi kuwasha XMP, yaani mpangilio wa kasi iliyoandikwa kwenye pakiti, ndani ya BIOS, kwa hiyo miaka yote inatembea polepole. Kuiwasha ni bure.

Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani, kwa kuwa viwanda vinakimbilia kuhudumia vituo vya akili unde. Si wakati wa kununua kwa kubahatisha.

Kabla hujatoa hela, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji (Performance), kisha ya kumbukumbu (Memory). Utaona kasi ya RAM yako na sloti ngapi zimejaa. Njoo dukani na namba hizo mbili.