Muti wa maua ya harufu: tuujue mbele ya kuupanda



Kiangazi kilichopita, mama mumoja alikata matawi ya muti wa maua mazuri, akafunga nayo lupango ya mbuzi. Asubuhi mbuzi wawili walikuwa wamekufa. Hakuna mutu aliyewaroga. Walikula majani ya ule muti ambao kwa Kifaransa tunaita laurier-rose. Mama alifikiri ni frangipani, sababu yote miwili inaweza kuwa na maua mekundu-meupe yenye harufu tamu. Mbuzi wawili, hiyo ni feza ya masomo ya watoto.

Njo maana ninasema: harufu peke yake haitoshi kwa kujua muti. Angalia jani na tawi.

Frangipani: matawi yake ni manene na laini, sawa vidole vilivyovimba. Majani ni makubwa, yanakusanyika ku ncha ya tawi. Kiangazi yanaanguka, muti unabaki uchi. Harufu inapanda zaidi usiku. Ukivunja jani, maziwa meupe yanatoka. Yanawasha ngozi na macho, kwa hiyo nawa mikono.

Laurier-rose: matawi ni membamba. Majani ni membamba na magumu, yanaota matatu matatu mahali pamoja, na yanabaki mabichi mwaka muzima. Sehemu yote ni sumu: jani, ua, mbegu, hata jani lililokauka. Usiuchome kama kuni, moshi wake ni mubaya. Usichomee nyama ku kijiti chake.

Kuna ndugu yake wa maua ya njano. Huyu naye ana maziwa meupe sawa frangipani, lakini majani yake ni membamba sana, na ndani ya tunda muna mbegu ngumu ambayo watoto wanapenda kuchezea. Ni sumu kali vile vile.

Ua la tarumbeta: maua ni marefu, yananinginia chini, yananukia magharibi. Mutu akila jani ao mbegu, akili inavurugika na moyo unapiga mbio.

Mutoto akikula kimoja cha hivi, usipoteze wakati na maziwa ao mafuta ya ngazi. Mubebe mara moja ku kituo cha afya, na tawi la muti ule mukononi, ili muganga ajue ni sumu gani.

Basi tupande nini? Kama unataka harufu, kivuli na feza pamoja, anza na ndimu na machungwa. Kuitambua ni rahisi: inua jani mbele ya jua, utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwangaza. Pekecha jani, litanukia. Maua yake meupe yanaita nyuki, kwa hiyo mwenye mizinga anapata asali, kisha matunda.

Hapa Kamina mvua inaanza karibu na Oktoba. Chimba shimo mbele ya hapo, sentimetre 60 kila upande. Weka udongo wa juu pembeni, uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Panda mvua ikishashika, muti mumoja kila metre 5 ao 6. Chukua muche uliounganishwa: utazaa ndani ya miaka 3 hivi, wakati ule wa mbegu unaweza kukungojesha zaidi ya 5. Pahali pa kuungana pabaki juu ya udongo. Kiangazi cha kwanza, mwangia maji na ufunike chini na majani makavu, bila kugusa shina. Maua yakifunguka, usipige dawa ya wadudu, utaua nyuki.

Frangipani unapanda kwa tawi. Mwisho wa kiangazi, kata tawi la sentimetre 30 mpaka 40, liache kivulini wiki moja ao mbili mpaka kidonda kikauke. Kisha lichomeke sentimetre 10 ndani ya udongo wenye muchanga. Maji kidogo tu, yakizidi, linaoza.

Na ile laurier-rose iliyo tayari mu lupango yako? Ing'oe na mizizi, mikono ikiwa imefunikwa, na uzike matawi ndani ya shimo refu, mbali na mbuzi na kisima.

Ukikutana na muti usioujua, leta jani na ua ku mukutano wa koperative. Tutaangalia pamoja mbele ya kupanda.