Cheti cha Kilimo cha Bustani katika Mizani ya Fedha

Thamani ya kifedha ya cheti cha kilimo cha bustani, yaani kilimo cha mboga, matunda, viungo na maua, haipimwi kwa kipato chote cha mwenye cheti, bali kwa tofauti iliyopo kati ya kipato hicho na kile ambacho mtu huyohuyo angekipata bila kusoma. Kijana wa Sigino, katika Halmashauri ya Mji wa Babati, ambaye nyumbani kwao kuna shamba na maji, angelima nyanya hata kama asingeingia darasani. Kwa hiyo mauzo yake ya baada ya masomo hayawezi kuhesabiwa yote kuwa zao la chuo, ingawa matangazo ya kozi hupenda kuyaonyesha hivyo.

Upande wa gharama nao husahaulika nusu yake. Ada, chakula na malazi huonekana, na kwa anayekwenda kusoma Tengeru, mbele ya mji wa Arusha ulio takriban kilomita 170 kutoka Babati, nauli huongezeka. Lakini ipo pia gharama ya fursa, ambayo ni kipato kinachoachwa kwa sababu mwanafunzi hayupo shambani wala kwenye kibarua. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mwaka mmoja wa masomo unagharimu shilingi 1,200,000 za mfukoni na unamkosesha mwanafunzi kipato cha shilingi 1,200,000 nyingine, kisha ujuzi ukamwongezea shilingi 600,000 kila mwaka. Kwa haraka mtu atasema kuwa fedha zimerudi katika miaka minne. Hata hivyo, shilingi ya miaka minne ijayo si sawa na ya leo, kwa kuwa ya leo ingeweza kununua mbuzi au kukopeshwa katika kikundi ikazaa. Ikipunguzwa kwa asilimia 15 kwa mwaka, hesabu ambayo wachumi huiita thamani ya sasa, nyongeza hiyo hufikia 2,400,000 katika mwaka wa saba, si wa nne.

Swali lenye uzito, basi, ni mahali nyongeza hiyo inapotoka, na jibu lake mara nyingi si mavuno makubwa zaidi bali hasara inayoepukwa. Mfano ulio wazi ni kantangaze, mdudu wa nyanya mwenye asili ya Amerika ya Kusini aliyebainika Tanzania mwaka 2014, ambaye viwavi wake huchimba majani na kutoboa matunda, na ambaye huzoea viuatilifu upesi. Mkulima asiyefundishwa huongeza kipimo cha dawa ileile na kurudia kupuliza kila anapoona tundu, hivyo hulipa mara mbili, dukani na sokoni. Aliyefundishwa hutega mitego ya harufu, hufukia au huchoma mabaki ya zao, hubadilisha makundi ya dawa kwa jinsi yanavyoua, na hapandi viazi mviringo wala biringanya mahali palipotoka nyanya, kwa kuwa zote ni za ukoo mmoja. Hujua pia kupanga kitalu ili mavuno yasiangukie wiki ambazo kila mtu ana matenga ya kuuza.

Ujuzi huo, lakini, si lazima uje na cheti. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa Sweden, hutoa pia kozi fupi, na Babati yenyewe imepata kuwa eneo la mradi wa Africa RISING uliofanya kazi na wakulima vijijini. Cheti hupata bei yake pale tu mtu mwingine anapokihitaji: mwajiri wa shamba kubwa, au Serikali inapotangaza nafasi za maafisa ugani. Kwa ajira hizo ni lazima chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, maana hati ya kuhudhuria semina haifungui mlango huo, hata ikiwa na mihuri mingapi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya vijana, nayo haitolewi kwa sababu ya cheti, kwani msingi wake ni vikundi.

Kwa hiyo mwenye shamba lisilo na maji ya kiangazi, asiyekusudia kuajiriwa, atapata zaidi akizigawa fedha zake kati ya pampu na kozi fupi. Asiye na shamba kabisa ndiye mwenye sababu kubwa ya kukitafuta cheti chenyewe, ilimradi awe tayari kufanya kazi mbali na Sigino, kwenye mashamba ya Arusha au popote atakapopangiwa.