Ofa Ipi ya Masta Ina Nafuu? Hesabu Pengo, Usihesabu Ufadhili Peke Yake

Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, barua za kukubaliwa kutoka vyuo vikuu vya Marekani huanza kuingia kwenye barua pepe za Wakenya walioomba nafasi. Leo tunaongea na wewe uliyeomba shahada ya uzamili, au masta kama tunavyoiita, katika ustawi wa jamii. Hongera kwanza! Kupata hiyo barua si mchezo.

Sasa kuna swali. Barua moja inasema umepewa ufadhili wa dola 20,000 kwa mwaka. Nyingine inakupa dola 6,000. Ya tatu haina ufadhili wowote. Utachagua ipi?

Wengi wangeruka moja kwa moja kwa ile ya kwanza. Ngoja kidogo. Kitu kitakachotoka mfukoni mwako, na mfukoni mwa jamaa zako, ni pengo linalobaki baada ya ufadhili. Ukubwa wa ufadhili peke yake haukuambii pengo hilo ni kubwa kiasi gani.

Tupige hesabu pamoja

Huu ni mfano tu, lakini unafanana na barua ambazo mtu anaweza kupata. Tutatumia shilingi 130 kwa dola moja.

Barua ya kwanza: karo dola 40,000 kwa mwaka, maisha katika jiji kubwa dola 24,000, ufadhili dola 20,000. Pengo ni dola 44,000 kwa mwaka. Kozi ni miaka miwili, kwa hivyo dola 88,000. Hiyo ni takriban shilingi milioni 11.4.

Barua ya pili: karo dola 20,000, maisha katika mji mdogo dola 15,000, ufadhili dola 6,000. Pengo ni dola 29,000 kwa mwaka, miaka miwili dola 58,000. Takriban shilingi milioni 7.5.

Barua ya tatu: karo dola 22,000, maisha dola 16,000, ufadhili sufuri. Lakini kozi ni ya mwaka mmoja. Jumla dola 38,000, takriban shilingi milioni 4.9.

Umeona? Barua isiyo na hata senti ya ufadhili ndiyo yenye nafuu kuliko zote.

Mwaka mmoja unatoka wapi? Vyuo vingi vya Marekani vina njia fupi kwa mtu ambaye digrii yake ya kwanza ilikuwa ya ustawi wa jamii. Kwa kawaida digrii hiyo inatakiwa iwe imetambuliwa na CSWE, shirika linalotoa ithibati kwa kozi hizi kule Marekani. Kama digrii yako ni ya Kenya, CSWE ina huduma ya kutathmini digrii za ustawi wa jamii za nje. Kuna malipo na inachukua muda, kwa hivyo kiulize chuo mapema kama kitakubali matokeo ya tathmini hiyo. Swali hilo moja linaweza kukuokolea mwaka mzima wa karo.

Ukiwa hapo, hakikisha kozi yenyewe ina ithibati ya CSWE. Majimbo ya Marekani yanapotoa leseni ya kazi hii, kwa kawaida hutaka digrii iliyo na ithibati hiyo. Karo ya chini kwenye kozi isiyo na ithibati inaweza kukugharimu zaidi baadaye.

Maswali matano ya kukiuliza chuo

1. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa kozi yote? Kama zile dola 20,000 za barua ya kwanza ni za mwaka wa kwanza pekee, pengo linapanda kutoka dola 88,000 hadi 108,000.

2. Una masharti gani? Mara nyingi unatakiwa kudumisha alama fulani. Uliza nini hufanyika ukiteleza muhula mmoja.

3. Unalipia nini? Kuna ufadhili unaopunguza karo tu. Kuna kazi ya usaidizi chuoni, ambayo pengine inakuondolea karo na kukulipa posho. Bima ya afya na ada nyingine zinaweza kubaki kwako.

4. Utakatwa ushuru? Sehemu ya ufadhili inayolipia kodi ya nyumba na chakula hutozwa ushuru Marekani. Kwa mwanafunzi wa viza ya F-1, mara nyingi chuo hukata asilimia 14 moja kwa moja. Ile inayolipia karo haikatwi.

5. Siku ya mwisho ya kujibu ni lini? Vyuo vingi vimetia saini makubaliano kwamba mwanafunzi wa uzamili aliyepewa ufadhili wa masomo hatalazimishwa kujibu kabla ya Aprili 15. Uliza kama chuo chako kimo, na kama ofa yako inahusika. Usikubali kuharakishwa bila sababu.

"Si nitafanya kazi nikifika huko?"

Hapa ndipo mipango ya wengi huvunjika. Mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Halafu masta ya ustawi wa jamii ina mafunzo ya nyanjani, ile tunayoita atachimenti. CSWE inataka angalau saa 900. Ukizigawa kwa wiki 60 za masomo katika miaka miwili, ni saa 15 kila wiki, na mara nyingi hulipwi.

Jumlisha madarasa, kusoma, atachimenti na nauli ya kwenda huko. Muda wa kazi ya malipo unabaki kidogo sana. Mshahara wa kazi ya chuoni utakusaidia kununua chakula. Usiuweke kwenye hesabu ya kulipa karo.

Pia, mikopo ya serikali kuu ya Marekani haitolewi kwa mwanafunzi wa F-1. Kwa hivyo mtu akikwambia "jaza fomu ya FAFSA utasaidika", ujue hiyo si yako.

Pesa za kabla ya kusafiri

Chuo hakitakupa fomu ya I-20, ambayo unaihitaji kuomba viza, kabla uonyeshe kwamba una pesa za angalau mwaka wa kwanza. Kuna pia ada ya SEVIS ya dola 350 na ada ya kuomba viza ya dola 185. Thibitisha viwango kwenye tovuti rasmi kabla ya kulipa, kwa sababu hubadilika. Ongeza tikiti ya ndege na amana ya nyumba.

Kumbuka na shilingi yenyewe. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, kisha miezi michache baadaye ikarudi karibu 130. Kwa barua yetu ya tatu, tofauti hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja. Ukipanga, jiachie nafasi.

Na kama una deni la HELB, litakungoja. Riba ya mkopo wa digrii ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka, na asiyelipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Panga nani atakuwa akilipa ukiwa mbali.

Linda pesa zako

Ufadhili wa kweli hauuzwi. Ajenti akikuahidi "skolashipu ya uhakika" ukimtumia ada kwa namba yake binafsi, usitume. Chuo hulipwa kupitia njia iliyoandikwa kwenye tovuti yake, na hakuna mtu wa chuo, wala wetu, atakayekuomba namba yako ya siri. Ushauri wa bure upo: ofisi ya EducationUSA katika ubalozi wa Marekani, Nairobi, husaidia wanaotaka kusoma kule.

Kama jamaa wanachanga, tenga akaunti ya mchango peke yake, usichanganye na pesa za matumizi. Hifadhi jumbe za malipo na uombe taarifa ya akaunti, ili ukiulizwa pesa zilitoka wapi uwe na jibu. Usikope kwa wiki moja tu ili salio lionekane nono. Ofisa wa viza anaweza kuuliza, na kudanganya kunaweza kukufungia mlango kabisa. Mikopo ya simu, hata yetu, ni ya dharura ndogo za siku chache. Haifai kulipia karo ya miaka miwili.

Kabla shamba halijauzwa

Andika namba moja kwenye karatasi: pengo la kozi nzima, kwa shilingi. Kisha ketini na wazazi, au na chama, na uitaje. Usiwaambie "nimepata ufadhili wa dola 20,000" tu, kwa sababu watasikia kwamba mambo yamelipwa. Waambie kilichobaki.

Kama pengo halibebeki, bado una njia. Kiandikie chuo kwa heshima, ukitaja ofa yako nyingine, na uombe waangalie tena ufadhili. Uliza kama unaweza kuahirisha nafasi hadi mwaka ujao. Angalia pia Chevening, ufadhili wa Uingereza unaolipa karo, posho na nauli kwa masta ya mwaka mmoja, ukiwa na uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ukikubali kurudi nyumbani baadaye. Au soma hapa Kenya, ukiendelea kupata mshahara.

Kukataa ofa kubwa yenye pengo kubwa si kushindwa. Unaenda kusomea kusaidia familia zilizo kwenye shida, na hakuna haja ya kuanza kwa kuiingiza yako kwenye deni.