Mushale umepotea, lakini ordinatere haijafa

Wandugu wasomaji, na zaidi ninyi vijana wa Kolwezi, Likasi na Kipushi, leo tuzungumze juu ya shida moja ndogo ambayo inaweza kukupotezea kazi ya miezi. Unakaa mbele ya ordinatere, unaandika muzuri, halafu unashika suri, ile panya ya mukono, na unaona mushale hauko tena kwa kioo. Unasukuma kuume, unasukuma kushoto, hakuna kitu. Moyo unaruka. Utafanya nini?

Watu wengi wanazimisha mashini kwa nguvu. Siku moja nilipita kwa sekretaria, pale watu wanalipa ili waandikiwe kazi zao, na nikakuta binti mumoja wa chuo kikuu machozi yako karibu kutoka. TFC yake ilikuwa ndani ya ordinatere ile, kurasa zaidi ya 40, na kesho yake alipaswa kuitoa kwa mwalimu. Mushale ulikuwa umepotea. Kijana wa kazi alikwisha kuinama ili atoe kamba ya umeme mu prizi. Nikamwambia: « Ndugu yangu, ngoja kwanza! Finya herufi moja tuone. » Akafinya. Ikaandika!

Basi mashini ilikuwa nzima. Mushale ni njia moja tu ya kuituma kazi; klavye ni njia ingine, na iliyo ya zamani zaidi. Suri ya kwanza ilitengenezwa kwa mbao huko Marekani mu mwaka 1964, mu kazi ya bwana Douglas Engelbart, na watu walikuwa wakitumia ordinatere mbele ya pale bila kuikosa.

Kwa hiyo, mbele ya kutafuta mushale, chunga kazi yako. Finya Ctrl, usiiachilie, finya S. Kama kazi haina jina bado, andika jina, kisha finya Entrée. Sasa hata umeme ukikatika (na kwetu munajua namna unakatika) kazi iko. Yule kijana alifanya vile. Kisha nikamwambia afinye Ctrl na P, halafu Entrée, na makaratasi yakaanza kutoka moja moja. Binti akakaa chini, akapumua.

Sasa tutafute mushale. Windows za siku hizi, zisipoona suri yoyote, zinaficha mushale. Kwa hiyo angalia suri yenyewe. Kama iko na kamba, itoe na uiingize mu tundu lingine la USB. Lakini kama mashini ni ya zamani na tundu ni la mviringo, zimisha muzuri kwanza, ingiza, halafu washa. Kama haina kamba, badilisha pile. Na kama unaitumia juu ya meza ya kioo, weka karatasi chini yake.

Kwa ordinatere ya kubeba, mara nyingi ni kidole kimegusa kifungo kinachofunga kile kibao cha kusugua. Tafuta mu safu ya juu, F1 mpaka F12, kifungo chenye picha ya kibao. Kifinye pamoja na Fn. Namba yake si moja kwa mashini zote.

Tena kuna jambo la kanisani. Mukiisha kuonyesha picha kwa ukuta, mushale unaweza kubaki kule, kwa kioo cha pili ambacho hakiko tena. Finya kifungo cha Windows na P, panda na vishale mpaka « Écran du PC uniquement », kisha Entrée.

Suri ikikufa kabisa na hauna ingine? Finya Alt ya kushoto, Maj ya kushoto na Verr Num pamoja, halafu Entrée. Sasa namba za upande wa kuume wa klavye zinasukuma mushale: 4 kushoto, 6 kuume, 8 juu, 2 chini, na 5 ni kufinya. Inaenda pole pole kama muzee anapanda mulima, lakini inafika. Klavye ndogo zisizo na namba zile hazisaidie hapa.

Na ule mushale wa sekretaria? Kijana alijaribu tundu lingine, hapana. Tukavuta kamba kutoka nyuma ya meza, na pale njo tukaona: nyuzi ziko inje, na alama za meno. Panya wa kweli alikuwa amekula kamba ya panya. Binti alicheka mpaka kurasa zake zikataka kuanguka.