Kadi ya bima imebaki nyumbani? Usiguse kwanza hela ya mteja

Muuzaji mwenzangu, hii imempata dada mmoja wa hapa Buhare anayeuza vitenge kwa status ya WhatsApp. Kashuka stendi ya Bweri asubuhi kutuma mizigo Mwanza, mtoto mgongoni. Hapo hapo mtoto akapandisha homa kali. Kadi za bima ziko kwenye droo nyumbani, na kwenye simu kuna hela ya mteja ya kununulia mzigo. Akataka kuitoa alipie matibabu. Unajua kinachofuata: wiki nzima unamwambia mteja "mzigo uko njiani" na mzigo haupo.

Kilichomwokoa ni picha ya kadi ya mtoto aliyowahi kumtumia mumewe. Mapokezi waliingiza ile namba, taarifa na sura ya mtoto zikatokea, wakapokelewa.

Iko hivi. Bima yako ya NHIF iko kwenye mfumo, kadi ni ya kukutambulisha tu. Mtu mzima anaweza kutambuliwa kwa namba ya NIDA, ile ile uliyosajilia laini. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Umeisahau? Piga *152*00# ufuate maelekezo mpaka sehemu ya NIDA. Vituo vingi pia wanakuhakiki kwa alama za vidole au sura. Sisi tunaofunga mabunda kwa kamba kila siku vidole vinachubuka na mashine inagoma, kwa hiyo ikigoma waombe wajaribu kidole kingine au sura.

Mtoto kwa kawaida hana NIDA. Huyo ndiye wa kumwandaa mapema: piga picha kadi yake pande zote mbili, namba yake ya uanachama isomeke vizuri, na mtumie mwenzi wako au bibi anayebaki naye ukienda Kariakoo kufuata mzigo. Wenye CHF iliyoboreshwa nao wafanye vivyo hivyo kwa kadi ya kaya.

Ila kuna kitu picha haitakusaidia. Mwajiriwa anakatwa kwenye mshahara kila mwezi hata akisahau. Wewe unayejilipia mwenyewe, siku ya mwisho ikipita mfumo unasoma huna bima, hata kadi ikiwa mkononi inang'aa. Weka alamu kwenye simu mwezi mmoja kabla, na anza kutenga kidogo kidogo kwenye faida.

Na picha hiyo usiitupie kwenye grupu, wala usimpe mtu "atibiwe mara moja tu". Akitibiwa yeye, ugonjwa wake unaandikwa kwenye taarifa zako, na hilo ni kosa la udanganyifu linaloweza kukufikisha pabaya.

Simu iko mkononi sasa hivi. Fungua droo, upige hizo picha kabla hujarudi kujibu "bei gani".