Prado ya Mkwajuni Inapoanza Kugonga Miguu

Huanza na mlio. Ko, ko, kila tairi la mbele linapoingia shimoni. Baada ya miezi michache usukani unavuta kushoto, tairi zinalika upande wa ndani, na mwenye gari anaongeza sauti ya redio. Siku akichoka anaingia gereji na agizo moja: "Fundi, nifungie shokapu mpya zote nne."

Agizo hilo humaliza fedha na kuacha ugonjwa pale pale.

Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe, ni mji wa dhahabu na vumbi. Kwenda Vwawa, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2016, wenyeji wamezoea kuzunguka kupitia Mbalizi, mkoani Mbeya, na kwa miaka mingi njia ya kutoka Mkwajuni hadi Mbalizi imekuwa ya changarawe iliyojikunja kama bati. Barabara ya namna hiyo haivunji gari kwa kishindo. Hulitikisa mfululizo, mafuta ndani ya shokapu yanachemka na kutoa povu, nazo bushi za mpira zinapasuka kidogo kidogo. Ongeza magunia ya mpunga au pampu ya machimboni, na gari lililokwisha kupita kilomita 300,000 litaanza kudai haki yake.

Mfano mzuri ni Prado za toleo la 90, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1996 na 2002. Nyuma zina ekseli nzima. Mbele kila tairi lina mikono yake miwili, wa juu na wa chini, na mkono wa chini umeshikwa na boljointi. Hapo ndipo penye hatari. Springi inausukuma mkono wa chini kuelekea ardhini wakati tairi linasukuma juu, hivyo uzito wa gari unaivuta gololi ya boljointi itoke kwenye kikombe chake. Ikichomoka, tairi linalala ubavu na gari linaangukia pua, na huenda dereva asipate dalili yoyote zaidi ya ule mlio alioufunika kwa redio. Mwaka 2005 Toyota iliyaita gereji magari mengi nchini Marekani, yakiwemo 4Runner, ndugu wa Hilux Surf tunayoijua hapa, kwa sababu ya boljointi za chini. Kasoro ile ilitoka kiwandani. Ya kwetu hutoka barabarani, lakini tairi hulala vile vile.

Kupima hakuhitaji kompyuta. Fundi anapiga jeki kwenye chesisi hadi tairi lining'inie, kisha anapitisha mtaimbo chini ya tairi na kulinyanyua huku mwenzake akikodolea macho boljointi. Ikicheza, inatoka. Tairi likitikisika juu na chini, msaidizi akanyage breki: mchezo ukipotea, mgonjwa ni beringi. Likitikisika kushoto na kulia, mara nyingi ni tairodi.

Baada ya hapo ndipo bushi, kisha shokapu zinazovuja (zibadilishwe mbili mbili, kamwe si moja), na springi mwisho, kama gari limekaa chini upande mmoja. Kwenye boljointi mtumba isifikiriwe kabisa, hata kama imetoka Japani na inang'aa.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi hodari hulifanya, pengine kwa haraka tu. Bushi mpya inafungwa gari likiwa juu ya jeki, mikono ikining'inia, na nati inakazwa hapo hapo hadi mwisho. Gari likishushwa, mkono unapanda lakini mpira umebanwa katika mkao wa kuning'inia. Unaishi umejipinda kama shingo ya mtu aliyelala vibaya. Bushi ambayo ingedumu miaka inachanika mapema, na lawama inabebwa na muuza spea. Nati zishikizwe tu kwanza, gari lishushwe, litikiswe mara kadhaa litulie kwenye kimo chake, ndipo zikazwe.

Kazi ikiisha gari likapimwe alaimenti, na baada ya safari ya kwanza ya Mbalizi lirudi kwa fundi nati zikaguliwe tena. Akitoka chini ya gari, redio izimwe na aendeshe mwenyewe mita mia mbili.