Machakos Ilianza na Swali Gumu

Tarehe 20 Julai 2002, baada ya takriban wiki tano za mazungumzo, Ghazi Salahuddin Atabani wa serikali ya Sudan na Salva Kiir Mayardit wa SPLM/A, chama na jeshi la waasi wa Kusini, walitia saini Itifaki ya Machakos mjini Machakos, Kenya. Msuluhishi, kwa niaba ya IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hili, alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa jeshi la Kenya. Vita vilikuwa vimedumu miaka 19 na kuua watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili kwa risasi, njaa na maradhi. Kila usuluhishi ulikuwa umekwama palepale: je, sharia itawahusu Wasudan wote, na je, Kusini ina haki ya kujitenga?

Machakos walianza na maswali hayohayo mawili. Wasuluhishi waliandaa rasimu moja, pande zote zikaibishania na kuirekebisha hiyohiyo mpaka ikakubalika. Kaskazini ingebaki na sharia na Kusini ingetunga sheria zake. Baada ya miaka sita ya mpito, watu wa Kusini wangepiga kura kuchagua umoja au kujitenga. Hakuna aliyeambiwa asalimishe bunduki kwanza. Mapigano hata yaliendelea: mwanzoni mwa Septemba SPLA waliuteka mji wa Torit, Khartoum ikasusia mazungumzo, na ni Oktoba tu ndipo pande mbili zilipokubaliana kusitisha mapigano na kurudi mezani. Jambo kubwa lilikuwa limekwisha kuandikwa, kwa hiyo kulikuwa na kitu cha kurudia.

Nalirejelea tukio hili kwa sababu Kenya ina vita vingine mlangoni. Tangu wanajeshi wetu waingie Somalia Oktoba 2011, tumezika watu 67 waliouawa katika jengo la maduka la Westgate mwaka 2013 na 148 wa Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, na Al-Shabaab, waasi waliowaua, bado wapo. Ni kweli mambo hayafanani. Sudan, serikali ndiyo iliyotaka kuwabebesha watu wote sheria ya dini moja. Somalia, wanaotaka hivyo ni waasi, tena wanaua raia makusudi. Sidai kwamba viongozi wao waalikwe Machakos kesho. Ninachodai ni kwamba swali linalowapa nguvu lijibiwe, nalo ni la utawala kabla ya kuwa la dini.

Tazama mahakama zao. Wasomali, hata wakazi wa Mogadishu penye serikali, wamekuwa wakipeleka kesi za ardhi kwa mahakimu wa Al-Shabaab kwa kuwa hukumu hutolewa upesi na hutekelezwa. Kodi zao nazo hukusanywa kwa utaratibu ambao serikali haijaufikia. Ndege ya kivita haiwezi kuamua kesi ya shamba. Jeshi linapoukomboa mji, hakimu, karani na polisi wanaoaminiwa na koo za pale wasipofika mapema, wapiganaji hurudi, wakati mwingine bila kufyatua risasi.

Siasa imewahi kuwapunguzia nguvu. Mazungumzo ya Djibouti ya mwaka 2008 yaligawanya upinzani uliotokana na Muungano wa Mahakama za Kiislamu, ambamo Al-Shabaab nao walitoka. Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, aliyekuwa kiongozi wa mahakama hizo, akawa rais Januari 2009, na majeshi ya Ethiopia yakaondoka. Al-Shabaab walikataa mapatano hayo, lakini walipoteza hoja ya kupigana na mvamizi. Mukhtar Robow, aliyekuwa naibu kiongozi wao, alijisalimisha mwaka 2017. Alipotaka kugombea urais wa jimbo la Kusini Magharibi mwaka uliofuata, alikamatwa, na ghasia zikazuka Baidoa. Serikali mpya ilimteua waziri wa dini mwaka 2022. Kamanda aliyekuwa msituni akitafakari kutoka, katika miaka hiyo minne, alikuwa akiona nini?

Machakos ina doa lake, na doa hilo ni kubwa. Meza ilikuwa ya pande mbili tu. Darfur ililipuka mwaka 2003 huku wajumbe wakiendelea kujadiliana Kenya, na wapiganaji wa Milima ya Nuba na Blue Nile, waliokuwa bega kwa bega na SPLA, walirudi vitani mwaka 2011, mwaka uleule Kusini ilipopata uhuru. Nchini Somalia, hatari hiyo ya kuwaacha wengine nje iko kati ya Mogadishu na majimbo yake: wasipoafikiana juu ya uchaguzi na mgawanyo wa madaraka, Al-Shabaab hupenya katika ufa huo.

Kwetu Kenya nako tulianza na nguvu: Aprili 2014 msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch uliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Mwaka mmoja baadaye, baada ya Garissa, waziri wa usalama wa ndani Joseph Nkaissery aliwapa vijana waliorudi kutoka Somalia siku 10 wajisalimishe wapate msamaha. Ilikuwa hatua sahihi, ila lilikuwa tangazo la waziri tu. Uganda ilipitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000 na kuunda tume ya kuisimamia. Wapiganaji zaidi ya 20,000 waliitumia. Kijana wa Kwale au Majengo anayetaka kutoka anawaogopa wenzake wa zamani na anawaogopa polisi. Bunge letu linaweza kumwondolea hofu hiyo ya pili, kwa sheria inayotaja wazi nani anasamehewa, nani anashtakiwa, na ni ofisi gani inayompokea.